Barakoa Isiyo na Mdomo

Arpi alikuwa na kioo mezani, kama walivyokuwa nacho wachora katuni wote wa studio ile ya filamu mjini Burbank. Hakikuwa cha kujipambia. Mchoraji akitaka mhusika wake akasirike, hukasirika kwanza yeye mwenyewe mbele ya kioo, akaangalia nyusi zimekwenda wapi, ndipo akachora. Mgeni akipita kati ya meza zile mchana angekuta watu wazima wakijikunjia uso, wakijitolea macho, wakilia bila machozi, na hakuna amwulizaye mwenzake ana nini.

Mwaka ule Arpi alipewa Kigae, mwizi wa kike anayevaa barakoa nyeupe ya kauri, isiyo na pua wala mdomo. Ilikuwa na macho mawili tu, basi. Vikao vilikaliwa juu ya barakoa hiyo. Kauri ni kitu kigumu. Itawezaje kukunja jicho? Wengine walisema mtazamaji atauliza. Wengine walisema mtazamaji aliyekubali farasi aongee hatakuwa na neno juu ya kauri. Mwishowe ikakubaliwa kwamba barakoa itajikunja, lakini kwa adabu. Hakuna aliyeuliza hisia zenyewe Arpi atazitoa wapi.

Alizitoa nyumbani.

Kuna mahali katika filamu Kigae anaingia ikulu kuiba, na mfalme mzee, akimdhania mgeni, anamwonyesha picha ya farasi aliyoichora kwa mkono wake. Farasi anafanana na kabati. Kigae anaitazama na kusema, "Ni nzuri mno, Mtukufu." Hapo barakoa ilitakiwa idanganye kwa upole, mfalme aamini, na ukumbi mzima ujue. Arpi alijaribu mbele ya kioo asubuhi nzima. Kila uongo aliouleta ulikuwa mkavu. Kisha, bila kukusudia, akamkumbuka mumewe akiimba, na sura ikaja yenyewe: kope za chini zikapanda, ya kushoto ikiiwahi ya kulia, kichwa kikainama kidogo, halafu macho yakapepesa taratibu, kama ya mtu anayemeza dawa mbele ya daktari. Akaichora kabla haijamtoka.

Mwongozaji wa filamu, Colleen, alicheka mpaka akashika ukuta. Akaita watu wa chumba cha pili, nao wakacheka. "Filamu nzima ni hapa," alisema. "Mengine tumewajazia tu."

Mume wa Arpi aliitwa Zaven. Alikuwa na duka la miwani kule Glendale, na tangu ajiunge na kwaya ya kanisa alikuwa akiimba kila jioni jikoni huku akingoja kahawa ichemke. Sauti yake ilikuwa kubwa, na hilo ndilo jema lililoweza kusemwa juu yake. Akimaliza huuliza, "Vipi?" Arpi humletea sura ile na kumjibu, "Imenigusa." Mambo yalikuwa yakienda hivyo kwa amani. Sasa mpwa wake Zaven, Lusine, alikuwa anaolewa Jumapili, na Zaven alikuwa ameomba, na hakuna aliyethubutu kumkatalia, asimame aimbe peke yake mbele ya ukoo mzima. Jumamosi, siku moja kabla, studio ingewaonyesha filamu familia za wafanyakazi.

Zaven hushinda kutwa akitazama macho ya watu kwa karibu kuliko mchumba. Macho hayana pazia, na kwa mtu wa kazi ile hayana hata kope. Arpi alijua kwamba Jumamosi mumewe angeiona sura yake ikimdanganya mfalme, na Jumapili angesimama kuimba akiwa mtu aliyevunjika.

Akaanza kuichora upya. Alijaribu uongo anaomwambia wifi yake kuhusu mapazia, na ule anaomwambia daktari wa meno. Akampelekea Colleen.

"Huyu hadanganyi," Colleen alisema. "Huyu anaumwa tumbo."

"Na huyu?"

"Huyu anamdai mfalme kodi. Arpi, kwani ile ya kwanza ina nini?"

"Ina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Ni ya mtu."

"Zote ni za watu. Ulitaka tuchukue za mbuzi?"

"Nina maana ni ya nyumbani kwangu."

"Ndiyo maana ina chumvi," Colleen alisema, akamrudishia michoro yake. "Niachie hiyo, tafadhali. Nenda kale."

Iliyobaki ilikuwa kumzuia Zaven asiende. Jioni ile alimngoja amalize wimbo, akamletea sura, kisha akasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Filamu yenyewe ni ya watoto, Zaven jan, mpenzi wangu. Utachoka bure. Ungepumzisha koo."

"Koo langu halitazami filamu."

"Kutakuwa na makelele."

"Nitayazidi." Zaven alimimina kahawa kwenye vikombe vidogo. "Umeichora mwaka mzima halafu mimi nisiende? Mama angetoka kaburini aje anizabe kofi."

Jumamosi wakaenda. Zaven alivaa shati lililopigwa pasi, akamsalimia Colleen kwa mikono miwili, akanunua bisi kubwa. Walikaa katikati. Arpi hakuiona filamu. Alimwona mumewe kwa pembe ya jicho, na alipoona mfalme anaifunua picha ya farasi, alishika mkono wa kiti.

Barakoa ikajaa ukuta mzima. Kope ya kushoto ikapanda, ya kulia ikaifuata, kichwa kikainama. "Ni nzuri mno, Mtukufu." Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na sauti ya Zaven ikiwa juu ya zote. Kisha kicheko chake kikakatika peke yake, wengine wakiendelea. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Mpaka mwisho hakugusa bisi.

Kwenye maegesho aliketi nyuma ya usukani bila kuwasha gari.

"Zile ni kope zako," alisema.

"Zaven…"

"Ya kushoto inawahi. Nimekupimia miwani mara ngapi?"

Arpi alikuwa ameandaa maneno tangu Jumanne. Yalipotoka hayakuwa kwenye mpangilio wake. "Sikutaka uumie. Sauti yako si mbaya kiasi hicho."

"Ni mbaya kiasi gani?"

Arpi alivuta mkanda wa kiti, akaufunga.

"Arpi jan, mimi nina masikio. Kasisi amenisimamisha nyuma kabisa, karibu na mlango, na wakati wa kiangazi huufungua. Ulifikiri nimedhani ni heshima?"

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Sasa jikoni kila siku unaimba ya nini?"

"Ya ile sura," Zaven alisema. Alikuwa akitazama magari ya watu yakitoka. "Mtu ananisikia nikiua nyimbo za babu zake, mchana kweupe, halafu ananigeuzia uso ule. Nikajiambia, Zaven, huyu anakupenda. Huyu hana lingine. Ilikuwa yangu, ile. Nilikuwa nainunua kwa aibu yangu mwenyewe kila jioni, na sikuona ni ghali. Leo nimeikuta ina ukubwa wa ghorofa, na mtoto nyuma yangu ananimwagia bisi kwa kucheka."

Wiki nzima Arpi alikuwa amekinga mahali pamoja, na kidonda kikatokea upande wa pili.

"Uongo si kitu," Zaven aliendelea. "Uongo tulikuwa nao sote wawili, tunakula nao meza moja. Lakini kuuza!" Akawasha gari, akalizima. "Itaonyeshwa wapi?"

"Kila mahali."

"Beirut?"

"Na Beirut."

"Basi binamu zangu wote watajua unavyonipenda. Ila watadhani ni kwa sababu ya farasi."

Hakuimba jioni ile. Kahawa ilichemka kimya, ikafurika.

Jumapili, ukumbi wa kanisa ulijaa. Dolma, yale majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali na nyama, zilipoliwa, wifi yake Arpi akagonga glasi, Zaven akasimama na kufunga kifungo cha koti. Arpi aliona meza baada ya meza ikijiandaa: shangazi wakakunja leso tayari, wajomba wakainamisha vichwa, bibi harusi akatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Ukoo mzima ulivaa barakoa, na mumewe alizipita nyuso zote hizo mpaka akamfikia yeye.

Akaanza. Kope ya kushoto ya Arpi ikanyanyuka kwa mazoea, naye akaishusha. Ile haikuwa yake tena. Ilikuwa ya Kigae, na wiki ijayo ingekuwa ya kila mtu. Alitafuta nyingine, hakuipata. Akabaki amemkodolea mumewe uso mtupu, kama kioo kisicho na mtu mbele yake, huku wimbo ukipanda kuelekea ile sauti ya juu ambayo Zaven hakuwahi hata siku moja kuifikia.

Aliikosa. Aliikosa kwa mbali. Na Arpi, hadharani, mbele ya wifi na kasisi, akafumba jicho moja, akaonyesha meno, mabega yakampanda mpaka masikioni, kama mtu aliyekanyaga msumari.

Zaven alimwona. Alivuta pumzi, akarudi nyuma mstari mmoja na kuipanda tena sauti ile ile, akimtazama mkewe, akaikosa vibaya zaidi, akangoja uso ule mpya uje. Ukaja. Shangazi wakadhani wimbo ndivyo ulivyo, unarudiwa mahali pa uchungu, wakajipangusa macho. Zaven akarudi mstari ule mara ya tatu.