Mpaka Mtu Aulize

Sipendi orodha za watoto. Mtu akiniita nipige muziki siku ya kuzaliwa ya baba yake, huniletea orodha aliyoiandika mwenyewe, ya nyimbo azipendazo mwenyewe, halafu mzee wa watu anawekwa kwenye kiti cha mbele avumilie. Ndiyo maana nina desturi yangu. Wiki moja kabla ya sherehe nakwenda nyumbani kwa mzee, naomba watoto watupishe, namuuliza anataka kusikia nini. Wengi hucheka. Mzee Herménégilde wa mtaa wa Kigobe yeye alifunga mlango kwanza.

"We ni wa wapi?"

"Wa Bwiza, mzee. Mi ni Mawazo. Kuzaliwa ni Uvira, lakini hapa niko tangu mutoto."

"Bwiza," alirudia, na ndipo akakaa.

Alitoa kabatini bahasha ya kaki, ya ofisini. Ndani yake mlikuwa na santuri ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande, karatasi yake imefutika maandishi.

"Gita utakayosikia humu, ni mi nilipiga."

Nilimtazama vizuri. Shati limepigwa pasi, rozari inachungulia mfukoni, miaka thelathini na kitu wizarani kabla ya kustaafu. Ukiniuliza mimi, mtu huyu hata filimbi hakuwahi kupuliza.

Akanieleza. Ujanani alikuwa kwenye orchestra moja ya Bwiza ambayo haikufikisha miaka mitatu. Wenzake wote wameshakufa. Alipotaka kuoa, baba mkwe alikataa katakata kumpa binti mtu wa gitaa, mtu wa kulala kwenye mabaa. Akaliuza gitaa, akaapa hatalishika tena, akapewa mke. Mke huyo alifariki miaka minne iliyopita, na katika ndoa yao yote hakuna aliyelitaja tena.

"Watoto walinikuta mutu wa ofisi na wa kanisa," alisema. "Hawajue kitu."

"Si uwaambie, mzee?"

"Apana. Nikiwaambia watanipigia makofi ya heshima, basi. Mi nataka mutu asikie, aulize mwenyewe: hii gita ni ya nani? Hata mumoja tu. Akiuliza, nitasema. Lakini we usitangaze."

Nikaahidi. Akanielekeza nisikilize baada ya ubeti wa pili, pale mwimbaji anaponyamaza na gitaa linabaki peke yake. Hapo ndipo mahali pake.

Kuna fundi Bwiza ana mashine ya zamani ya santuri. Alinihamishia wimbo kwenye kompyuta. Niliusikiliza chumbani kwangu mara sita. Mwimbaji alikuwa wa kawaida, lakini lile gitaa! Kijana yule hakuwa na haraka na mtu, alikuwa anajua tu kwamba anasikilizwa. Nami nilikuwa peke yangu na sahani moja. Mke wangu alirudi kwao Uvira, huu mwaka wa tatu, na majirani huniita DJ. Sidhani kama wanalijua jina langu. Nilimwelewa mzee kuliko nilivyotaka.

Sherehe ilikuwa Jumapili mchana. Siku yenyewe ya kuzaliwa haijulikani, kitambulisho cha mzee kinasema "karibu na 1951" na hakiendelei zaidi. Jumapili ile ilichaguliwa na Gaëlle, bintiye mkubwa, kwa sababu ilikuwa ndani ya likizo yake kutoka Ubelgiji. Alinipa orodha ya nyimbo thelathini na mbili, nyingi za kanisa. Kaka yake Prodige, aliyeko Kanada, angewapigia simu ya video.

Sasa nieleze kosa langu. Kwenye sherehe zetu muziki hupita pale hotuba zinapopumzika, na hotuba hazipumziki. Anasimama msemaji wa ukoo, wa parokia, wa wafanyakazi wenzake wa zamani, wa majirani, na kila akisimama mtu DJ anakata. Niliogopa wimbo wa mzee ukatwe katikati na kipaza sauti. Kwa hiyo nikauweka wakati wa chakula, kwa kuwa kwenye chakula hakuna anayehutubia. Miaka kumi na mbili ya kazi hii, na nikasahau kwamba kwenye chakula pia hakuna anayesikiliza.

Wageni walijipanga na sahani zao mbele ya pilau, ndizi na samaki wa mukeke. Mzee, kwa kuwa ndiye mwenye siku, aliletewa sahani meza kuu, na viti vya kushoto na kulia kwake vikawa vitupu, kila mtu yuko kwenye foleni. Nikauachia wimbo. Aliweka uma chini. Akaanza kuitazama foleni, mtu mmoja mmoja, kuanzia mbele. Mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya kitambaa cha meza, na nikaona kitambaa kikicheza pale vidole vilipokuwa vinabonyeza.

Mwenzake wa zamani wa ofisini, Salvator, alikuja mpaka kwenye spika. Nikajua huyu sasa anauliza. Akainama kuniuliza pilipili iko wapi.

Kisha akaja Gaëlle.

"DJ, hii kitu inakwaruza. Watu watasema hii sono, hizi spika, ni mubaya. Rudi ku liste, tafadhali."

Nilimtazama mzee. Alinitikisia kichwa, kidogo tu: usiseme. Ubeti wa pili ulikuwa unaisha. Ningeweza kumwambia, dada, nipe dakika moja tu. Sentensi ndefu kiasi gani hiyo? Lakini yeye ndiye aliyeniita kazini, na mimi nikiwa kwenye kazi ya mtu huwa mwoga. Nikakata. Nikaweka wimbo wa kanisa, foleni nzima ikaanza kuufuata kwa sauti, na mzee akachukua uma wake. Niliona haya, na haya zenyewe hazikuwa na pa kwenda, nikaendelea kupiga nyimbo mpaka zile thelathini na mbili zikaisha.

Saa kumi na moja wageni walikuwa wamekwisha kuaga. Nilikuwa nakunja nyaya uani alipokuja mzee.

"Ulikata mbele ya kufika mahali pangu."

"Unisamehe, mzee."

"Ulifanya kazi yako. Niliwaangalia wote, Mawazo. Hakuna mutu aliuliza."

Hakukasirika. Afadhali angenitukana. Alikuwa ameniita kwa jina, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya siku nzima, na mimi ndiye niliyemkata. Nikazikunjua nyaya, nikaunganisha spika moja, nikaurudia wimbo kutoka mwanzo. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa kando ya spika.

Gaëlle alikuwa barazani, hatimaye amempata Prodige kwenye simu, sauti ameifungua yote. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mwimbaji akanyamaza, gitaa likabaki peke yake uani, na kutoka kwenye simu tukasikia:

"Gaëlle, ngoja kwanza. Iyo muziki ni nini? Nani anapiga gita vile?"

Mzee alinyanyuka nusu, mikono bado imeshika kiti.

"Ah, ni DJ tu anapima bafle za muziki," alisema Gaëlle. "Acha nikuonyeshe gâteau, uone keki ya mzee vile..."

Mtandao ukakatika. Gaëlle akasonya, akaingia ndani kutafuta chaja.

Nilitaka kupiga kelele mpaka mtaa wa jirani wa Gasenyi wasikie. "Mzee! Muite Gaëlle, amupigie tena!"

Hakunisikia. Alikuwa ameketi tena, uso umemchangamka.

"Ameuliza," alisema. "Umesikia? Ni Prodige. Ameuliza."

"Nimesikia, mzee. Sasa si umupigie wewe?"

"Apana. Mutu akiuliza, anarudi kutafuta jibu." Alitoa mfukoni simu yake ndogo ya vibonye, akaipangusa kwenye suruali, akaiweka juu ya goti. Wimbo ukafika mwisho, ukabaki mkwaruzo.

"Rudisha ku mwanzo," aliniambia, macho kwenye goti. "Anaweza kupiga sasa hivi."

Nikarudisha. Ulipokwisha nikarudisha tena, bila kuambiwa, na baada ya hapo tena, nyaya zangu zimelala uani na simu haijalia.