Ndege Aliyetaka Ng'ombe Walthamstow

Priscilla, nesi aliyetoka Nakuru, alikuwa akianika nguo nyuma ya nyumba yake huko ughaibuni, Walthamstow, alipomwona ndege mwenye tumbo la njano akikimbia nyasini kama mtu anayefukuza basi. Akamwita jirani yake, Mzee Hemant, mfamasia mstaafu mzaliwa wa Kisumu, ambaye darubini haikumtoka shingoni hata akienda sokoni.

Hemant akachungulia juu ya ua, kisha akaketi kwenye ndoo.

"Mama Nyambura, huyu ni mdaka nzi wa Amerika ya Kusini, amepotea njia. Wenzake huvizia wadudu kutoka mtini. Huyu hukimbia chini, na hupanda mgongoni mwa ng'ombe, awadake nzi wanaomfuata. Lakini bila picha ya tabia hiyo, watu wa klabu yangu ya watazama ndege watanicheka."

"Na ng'ombe tutampata wapi, mzee?"

Wakati huo Lawrence, mume wa Priscilla, akatokea mlangoni. Lawrence ni mtu wa miraba minne. Wote wawili wakamtazama.

"Hapana," akasema, kabla hajaulizwa.

"Baba Nyambura, kidogo tu," Priscilla akambembeleza.

Baada ya muda Lawrence alikuwa amepiga magoti nyasini, viganja chini, amefunikwa blanketi la kahawia. Ndege akasimama kumkagua.

"Tembea kidogo," Hemant akanong'ona. "Na utafune."

"Nitafune nini?"

Priscilla akamletea kipande cha chapati. Lawrence akatafuna polepole, akisonga mbele kwa hasira. Ndege akamzunguka, akaruka, akatua mgongoni. Nzi akatua sikioni mwa Lawrence, ndege akamnyakua. Hemant akapiga picha.

"Ana vidole vyepesi," Lawrence akasema kwa sauti ya chini, hasira imemwisha.

Wiki ile klabu nzima ilikuja. Ndege hakujitokeza mpaka Lawrence atoke na blanketi. Mama mmoja aitwaye Tatiana aliuliza kwa adabu kama mnyama angeweza kugeukia kushoto kidogo. Mnyama akageuka.

Kisha baridi ikaanza, na asubuhi moja Priscilla akamkuta mumewe nyasini, amepiga magoti peke yake.

"Amekwenda, Baba Nyambura."

"Najua," akajibu. "Nanyoosha mgongo tu."

Priscilla akaketi kando yake, wala hakumharakisha.