Mkeka wa Ndege Namba Kumi na Saba

Hili hutaliamini, wala sikulaumu. Mkeka mmoja wa Kengeja, mkeka wa ukindu kama huo uliokalia wewe jana, ulimrudisha mtu kutoka vitani baada ya miaka thelathini na tano. Ukamrudisha mchana kweupe, watu wanasikia kwa masikio yao, halafu ukamuua tena papo hapo. Tulia nikwambie.

Mwenye mkeka ni Bi Laila. Mumewe, Abrahman, alikuwa rubani. Si rubani wa kubeba abiria na mabegi, la, rubani wa ndege za vita. Mtoto wa Kengeja huyo, kakulia kwenye mihogo, kapelekwa China kusomeshwa, karudi anapasua mawingu. Mwaka sabini na tisa, vita vya Kagera, ndege tatu zikatumwa alfajiri kwenda kulipiga ghala la mafuta la adui ng'ambo ya ziwa. Ziliruka chini chini, maji yakikaribia kuzilamba matumbo, zisije zikaonekana. Walilipiga ghala, likawaka moto siku tatu. Basi zilikwenda ndege tatu, zikarudi mbili, na Kengeja nzima ilijua kwamba ile isiyorudi ndiyo ya Abrahman.

Laila wakati ule ana miaka ishirini, na mimba ya miezi minane. Mimba mbili za kwanza zilitoka, hii ya tatu alilazwa kitandani kama yai kwenye pamba. Habari ya mumewe hakuipata mpaka alipokwisha kujifungua Maisa. Ndipo dada yake, Kazija, alipokaa ukingoni mwa kitanda akamwambia: ndege imeanguka ziwani, mwezi uliopita, hakikupatikana kitu. Na sheria unaijua, mjane mwenye mimba eda yake huisha akizaa. Kwa hiyo Laila hata eda hakumkalia mumewe. Hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna eda. Aliambiwa amekuwa mjane na siku hiyo hiyo akaambiwa keshamaliza.

Wachumba walikuja, akawarudisha wote. Waliomjua walisema Laila anamngoja mtu wa majini.

Picha ya Abrahman hakuwa nayo hata moja. Alichokuwa nacho ni kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji. Siku ya mwisho ya likizo yake Abrahman alimchorea ndege yake kwa mkaa, mbawa zimelala nyuma, mkia umesimama, na mkiani namba kumi na saba. Akamwambia, "Ukisikia ndege inapita juu, tazama mkiani. Kumi na saba ndiye miye." Laila kusoma alisoma chuoni tu, Kurani na namba. Barua za mumewe akimsomea Kazija, aliyefika darasa la nane. Barua za jeshi pia akimsomea Kazija.

Sasa twende mwaka elfu mbili na kumi na nne. Likatangazwa jambo: Chake kutafanywa maonyesho ya kumbukumbu ya vita, familia za waliopigana zipeleke walichonacho. Wengine walikuwa na magwanda, wengine medali. Laila akatoa mkeka.

Mkeka ule alikuwa kauanza miaka mitatu kabla hata ya kusikia habari za maonyesho. Na mtu asiyejua kusuka atadhani ni rahisi. Ukindu unachemshwa na rangi kwenye sufuria, unaanikwa, unasukwa ukili mrefu mwembamba, upana wa vidole vinne. Kisha kili zinashonwa ubavu kwa ubavu kwa shazia, ile sindano kubwa. Kuandika jina kwenye mkeka wanaweza wengi. Lakini ndege nzima? Bawa linaanzia ukili huu linaishia ukili wa tisa, na kila ukili umesukwa peke yake. Ukikosea hesabu, bawa linakatika. Mara ya kwanza lilikatika. Akafumua, akaanza upya. Ndege ya kijivu, chini yake ghala linawaka, nyekundu na manjano, na mkiani namba kumi na saba nyeupe.

Kazija ndiye aliyemsaidia kushona. Nyumba zao zinatazamana, uwanja mmoja. Kila baada ya alasiri wanakaa barazani, mmoja anashona kule, mmoja huku.

"Hiyo namba ya nini?" Kazija aliuliza siku moja. "Inaharibu. Weka ua hapo."

"Ndege gani ya vita ina ua mkiani, dada?"

"Namba kwenye mkeka haipendezi. Kama gunia la karafuu."

"Namba ndiyo yeye," Laila akasema. Kazija akatia uzi kwenye shazia.

Dirishani mwa ndege Laila alisuka kijipande cheusi, kidogo kama punje ya kunde. Kazija akamwambia picha ya kiumbe haramu. Laila akasema hiyo si kiumbe, ukindu tu, na kama malaika wanachukia ukindu mweusi basi Kengeja nzima hawaingii. Wakacheka wote wawili.

Duni mwenye duka, mtu wa utani, alikuwa akipita na baiskeli yake anasimama. Ule mwaka uchaguzi ulikuwa karibu, kila mti una bendera.

"Bi Laila, unaisukia serikali ndege? Ungesuka ya chama chetu basi."

"Chama chenu kina ndege?" akasema Laila. "Hata gari la matangazo mnaazima."

"Tukishika nchi tutanunua."

"Mkinunua nletee rangi, ntawasukia. Sasa hivi nipishe mwanga."

Basi ulipokwisha, Maisa aliutandaza uwanjani akaupiga picha kwa simu, akaituma kwa wale wa maonyesho. Yaani ndani ya siku moja picha ilikuwa imezunguka. Chake, Wete, Unguja, mpaka Muskati kwa jamaa. Watu wanaandika mashallah, wanaandika shujaa. Maisa anamsomea mama yake, mama yake anasema, "Soma tena hiyo."

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, simu ikalia. Namba ngeni. Maisa alikuwa anakuna nazi, Kazija anapeta mchele, majirani wawili wapo, na Laila ameukunja mkeka mapajani, maana kesho yake unapelekwa Chake. Maisa akaweka spika.

"Hapo ndipo kwa mke wa marehemu Abrahman?" Sauti ya mzee, lafudhi ya Unguja.

"Ndipo. Miye ndiye Laila."

"Mimi naitwa Vuai. Nilikuwa fundi wa ndege. Ndege ya mumeo nilikuwa nikiiandaa mimi."

Laila akakaa vizuri. Uso ukamng'aa kama msichana. "Alhamdulillahi, Mzee Vuai. Umeuona mkeka?"

"Nimeuona, bibi. Umesuka vizuri. Namba umeipatia, mbawa umezipatia. Nimepiga kukuuliza neno moja tu, maana mimi mzee sasa, sitaki kwenda nalo kaburini. Miaka thelathini na tano, leo ndio unamkumbuka? Alipokuita ulikuwa wapi?"

Maisa akaacha mbuzi ya nazi.

"Aniite wapi, baba?" Laila akasema. "Mume wangu kafa ziwani."

"Nani kafa ziwani? Kumi na saba ilirudi. Niliipokea mimi mwenyewe. Ilirudi na matundu mbavuni, na yeye ndani anavuja damu, na akaitua chini kama anaweka yai. Mimi ndiye niliyemfungua mikanda. Iliyopotea ilikuwa ya mwenzake."

Ungo wa mchele ulikuwa umesimama mikononi mwa Kazija.

"Kakaa hospitali siku kumi na mbili," Vuai akaendelea. Hasira ilikuwa imeanza kumtoka, nadhani kwa kimya alichokisikia. "Telegramu nimeipeleka mimi posta kwa mguu wangu. Mkewe aje. Kila asubuhi ananiuliza, Vuai, treni ya Dar imeshaingia? Nakwenda steshini, natazama kila bibi anayeshuka, narudi. Namwambia leo hukuja, labda kesho. Siku ya tisa kaniuliza. Siku ya kumi hakuniuliza tena." Akakohoa. "Ya kumi na mbili tukamzika. Kwa hiyo ukiniona nina kinyongo na wewe, bibi, ndiyo sababu."

"Sikupata," Laila akasema. "Sikupata hiyo telegramu, Mzee Vuai."

"Ilijibiwa, bibi. Ilikuja jibu kwamba mke hawezi kusafiri."

Laila hakumtazama mtu yeyote isipokuwa Kazija. Na hebu fikiri, nani mwingine wa kumtazama? Nyumba nzima ile mwaka sabini na tisa, aliyekuwa anajua kusoma na kuandika ni mmoja.

Majirani walijiondokea wenyewe, mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka chungu jikoni. Maisa akamuomba Mzee Vuai radhi, akakata simu.

"Dada," Laila akasema. "Yule mtu mwongo?"

Kazija akauweka ungo chini. Ana miaka sitini na sita.

"Si mwongo."

"Uliisoma?"

"Nliisoma. Nkamsomea mama." Mama yao alikwisha kufa zamani. "Mama akasema usiambiwe. Ulikuwa unatoka damu, Laila, umesahau? Mkunga kasema ukiinuka kitandani tu, mtoto hakai. Gari mpaka Mkoani, meli, kisha treni siku mbili. Mama akasema mume atapona atakuja mwenyewe, lakini mtoto akitoka huyu hakuna mwingine. Tukasema tukwambie ukishazaa."

"Nkazaa."

"Ukazaa, na yeye keshakufa. Ningekwambiaje? Ningesema kakuita siku kumi na mbili, sisi tumekaa na karatasi chini ya godoro? Nkaona bora afe mara moja, ziwani, usiwe na la kujuta."

"Kwa hiyo kaburi lipo."

"Lipo. Barua ilikuja, imeandika mpaka mahali."

"Na ukanisomea nini siku hiyo?"

Kazija akainamisha kichwa. "Nkakusomea kuwa wanakupa pole."

Laila hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alikuwa anaupapasa mkeka pale dirishani, kile kijipande cheusi, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto jasho. Kisha akasema, "Kafa anajua nimemkataa."

"Laila."

"Miaka yote mimi namngoja yeye, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananingoja mimi."

Kazija akanyoosha mkono kumwonyesha Maisa, aliyesimama mlangoni na nazi mkononi. "Mtazame huyo. Ungekwenda, huyo asingekuwepo. Haki ya Mungu, Laila, mtazame huyo ndiyo unihukumu."

Laila akamtazama. Maisa ana watoto wanne, mmoja ana macho ya Abrahman kwa mujibu wa kila mtu aliyemjua. Maisa akaona mama yake anamtazama namna ambayo hajawahi kumtazama, kama mtu anayetazama bei ya kitu alichokwisha kukinunua bila kuulizwa. Akaingia ndani akalia, peke yake, maana hakujua amlilie nani. Baba yake? Mama yake? Ama alie kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye sababu?

Mkeka haukwenda Chake. Watu wa maonyesho walikuja na gari, Laila akawapa chai na mkate wa mofa, akawaambia mkeka una mwenyewe na mwenyewe kapatikana. Mzee Vuai alipiga tena, mara hii akilia yeye, akisema kaburi analijua, atawapokea bandarini Unguja, atakwenda nao mpaka bara. Maisa akakata tiketi.

Wiki nzima ile Kazija alivuka uwanja kila asubuhi na bakuli la uji. Anaweka kizingitini, anatoa salamu, Laila anaitikia salamu kwa sababu salamu ni haki ya Mungu. Uji unapoa, kuku wanakunywa.

Siku ya safari, Laila alifanya kama inavyofanywa. Alipita nyumba kwa nyumba akiaga, "Nnasafiri, niwieni radhi," na watu wakimwambia, "Tumekuwia, nasi utuwie." Hata kwa Duni alikwenda, na Duni siku hiyo hakufanya utani, alimfungia tende kwenye karatasi akasema zile za kumtolea marehemu sadaka.

Nyumba ya Kazija peke yake ndiyo hakuingia.

Gari likaja, lile la mbao la kwenda Mkoani. Maisa akapanda kwanza, akapokea mkeka uliofungwa kwa kanga. Laila ana mguu mmoja kwenye ngazi, akasikia kandambili nyuma yake. Kazija amekuja anahema, buibui halijakaa vizuri, bila bakuli mara hii.

"Laila, mdogo wangu," akasema. Watu wote garini wanasikia, na yeye hakujali. "Mi mzee sasa. Huenda ukarudi usinikute. Mwambie Abrahman huko kwamba ni miye, si wewe. Na niwie radhi. Neno moja tu. Niwie radhi."

Laila akageuka. Akautazama uso ule uliomlea, uliomsomea barua za mapenzi na kuona haya ukizisoma, uliomdanganya kila barua iliyofuata. Akamtazama Maisa juu, mkeka kifuani. Mdomo ukafunguka. Utingo akapiga bodi mara mbili, dereva akatia gia, akatoa tena, akangoja, maana hata dereva alikuwa anangoja.

Neno halikutoka. Laila alipanda, akakaa, akatazama mbele, na gari likaondoka na Kazija amesimama palepale vumbini, mkono umenyooka kama mtu aliyeangusha kitu.

Haya, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa. Mguu wako uko kwenye ngazi, kaburi la mumeo linakungoja, mtoto wako yuko hai juu ya gari, na aliyekufanyia yote mawili anakuomba neno moja. Ungelitoa?