Ukurasa wa Mbinzo

Alhamisi ya kwanza niliusalimia mtandao. Msinicheke. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi nyuma ya meza ya maktaba ya chuo chetu hapa Kisangani, na katika miaka hiyo hakuna aliyeingia bila salamu akahudumiwa. Basi nilipokalishwa mbele ya kompyuta ya shirika moja la misaada, lile lenye sahani kubwa juu ya paa, niliandika kama mtu aliyelelewa: «Bonjour. Sisi ni maktaba ya Kisangani, tunaomba kwa heshima makala kuhusu magonjwa ya mihogo.» Nikaletewa kadi za harusi na barua za rambirambi.

"Mama Virginie, ile machine haina familia," akaniambia Eddy, fundi aliyekuwa akiitunza. "Uandike tu manioc, maladie. Bonjour uniachie miye."

Ulikuwa mwaka 2002. Vita ilikuwa imetukata na dunia: ndege chache, boti chache zaidi, na jarida la mwisho kutufikia kwa posta lilikuwa la mwaka 1991. Wakubwa wa chuo wakaamua, bila kuniuliza, kwamba kila mémoire, yaani tasnifu ya kumaliza masomo, lazima itaje angalau maandishi matatu ya miaka ya karibuni. Wanafunzi wakaja kunitolea macho mimi, utadhani nimeyaficha majarida chini ya kikwembe changu. Ndipo nikaliomba lile shirika, nalo likanipa saa moja kila Alhamisi.

Nikapanga kazi kama maktaba inavyopangwa, si kama soko. Mwanafunzi anaandika swali lake kwenye kadi. Alhamisi napanda toleka, baiskeli ya abiria, na kadi zangu kwenye kikapu. Najaza kurasa kwenye disketi, narudi nazo. Zinasomwa kwenye kompyuta yetu kuukuu, umeme ukituonea huruma. Na kila ukurasa naufungulia kadi yake ya katalogi: mwandishi, kichwa, tarehe, anwani. Droo yake niliiita W, ya web, na ndani ya miezi miwili ilikuwa imechafuliwa na vidole kuliko droo zote. Nilijisikia, nakiri. Watu walikuwa wanasema intaneti itaua maktaba. Mimi nilikuwa nimeitia ndani ya droo na ufunguo uko shingoni mwangu.

Tabu ni kwamba nilikuwa na disketi tano tu. Zikijaa, nilifuta ukurasa wa zamani nikaweka mpya. Sikuona ubaya. Anwani ninayo kwenye kadi, na huko kitabu kiko kwenye rafu yake; mtu akikitaka tena, nitakifuata Alhamisi.

Katika wasomaji wote wa droo W, niliyemwombea zaidi alikuwa Clémence. Alisoma biolojia, na mémoire yake ilihusu mbinzo, wale viwavi tunaowala: wakaushwe kwa joto gani wasioze safarini. Msikunje nyuso, wanaojua utamu wanajua. Hii ilikuwa mémoire yake ya pili. Ya kwanza iliungua Juni 2000, katika zile siku sita majeshi mawili ya kigeni yalipopigana mjini kwetu. Ilikuwa nakala moja, imekwisha kupigwa taipu, inangoja jalada tu. Akaianza upya kutoka mstari wa kwanza. Sasa alikuwa amepangiwa kuitetea Jumamosi mbele ya jopo, na vipimo vyake vyote alivilinganisha na ukurasa mmoja wa mtafiti wa Bangui, niliomletea mimi.

Jumatatu ya wiki hiyo Profesa Benoît, mwenyekiti wa jopo, akaja mezani kwangu.

"Source namba kumi na ine," akasema. "Ile chiffres ya vipimo inafanana na za Clémence muzuri sana, njo inanitia mashaka. Nataka kuona page yenyewe. Kama haiko, hatatetea. Bon, si miye, ni règlement ya chuo."

"Alhamisi mutaiona, Prof."

Alhamisi Eddy aliandika ile anwani mara tatu. Mara tatu tukajibiwa neno moja: introuvable, haupatikani. Nikamwambia ukurasa umeibwa. Eddy alicheka mpaka akashika tumbo.

"Hakuna mwizi, Mama. Mwenyewe amehama, ao amefunga. Page za internet zinahamaka sawa watu ya Kisangani wakati ya mabombe. Unafika ku nyumba, jirani hajui wameenda wapi."

"Bila kuacha barua?"

"Bila hata kufunga mulango."

Nilirudi chuoni nimefura, na hasira yangu ina tabia ya kutafuta mtu. Maktaba yetu ina kanuni, tena niliiandika mimi: kitu kikipotea, aliyekisoma mwisho ndiye atakayekirudisha. Nikafungua daftari la wasomaji. Aliyesoma mbinzo mwisho ni Clémence, sahihi yake hii hapa. Nikamwita.

"Page imepotea, na weye njo ulikuwa wa mwisho. Uirudishe."

Akanitazama kama mtu anayepima homa ya mgonjwa. "Mama, internet nitairudisha namna gani? Disquette nilileta. Mulisaini wenyewe. Page ilikuwa ndani. Donc, iko wapi?"

Swali zuri. Nikasoma mstari uliofuata, kisha nikaufunika kwa kiganja. Disketi namba tatu, tarehe 14 Machi: mbinzo, imefutwa, badala yake, Prof. Benoît. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilikumbuka yote. Siku ile profesa alikuwa ameniletea kadi yenye maneno mawili tu, jina lake la ubatizo na la ukoo. Mtu mzima, anajitafuta. Nilicheka kimoyomoyo njia nzima juu ya toleka. Mtandao wote ulikuwa naye mara moja tu: orodha ya waliohudhuria mkutano fulani Ubelgiji mwaka 1987, mstari wa arobaini na moja. Aliusoma mara nyingi, kisha akaniomba nimtunzie. Disketi zote zilikuwa zimejaa. Kati ya profesa na wadudu, nikafuta wadudu.

"Ile ya kwanza ilichomwa na mabombe," Clémence akasema nilipoondoa kiganja akasoma. Hakulia, ingekuwa afadhali alie. "Nikasema sawa, ni vita. Hii ya pili niseme ni nani?"

"Useme ni Virginie," nikamjibu, na aibu ikanipanda mpaka masikio yakawaka moto. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ile kanuni nilikuwa nimewachapia wanafunzi miaka kumi na tisa, na haijawahi kuniuma hata siku moja.

Ijumaa nikaenda ofisini kwa profesa na daftari kwapani. Nikamweleza lote, na jina lake ndani.

"Donc source haiko," akasema.

"Ilikuwako. Niliiona na macho yangu tarehe saba ya mwezi wa pili. Fiche, kadi yake, ni hii."

"Fiche si source, Mama Virginie."

Hapo nikapandwa na hasira. "Prof, ile obus ya vita ilianguka ku maktaba iliunguza vitabu elfu mbili. Fiche zao ziko mu droo mpaka leo. Wanafunzi wanazitaja, na munasaini, juu Virginie anasema vilikuwako. Hata thèse yenu."

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Nakala yake ya nyumbani ilikuwa imeporwa pamoja na kabati. Ile ya maktaba ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Na hapo tu ndipo nilipoielewa kadi yake ya maneno mawili. Hakuwa akitafuta sifa. Alikuwa anatafuta kama kuna mahali popote duniani kazi yake bado ipo, akapata jina tu, mstari wa arobaini na moja. Nami nilikuwa nimecheka njia nzima.

"Muende," akasema. Sikujua ni muende ya namna gani.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Clémence aliwaeleza mbinzo wake vizuri mpaka watu wakaanza kumeza mate. Halafu profesa akafungua kurasa za mwisho, akavua miwani.

"Namba kumi na ine. Nani ameiona?"

"Miye," nikasema nikasimama. "Virginie Kaswera, wa maktaba. Niliiona tarehe saba mwezi wa pili."

"Na sasa iko wapi?"

"Niliifuta."

Ukumbi ukaangua kicheko. Profesa hakucheka. Akamgeukia katibu wa jopo.

"Muandike: page imeonwa tarehe saba mwezi wa pili na Virginie Kaswera. Muandike tena kama ilifutwa juu ya kupatia nafasi jina ya Benoît, président wa hii jury." Akavaa miwani, akamwangalia Clémence. "Tuendelee. Wakati ya mvua, joto inakuwa ngapi?"

Clémence alijibu bila kutazama karatasi. Walimpa distinction, na mama yake akapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Tangu Jumatatu iliyofuata kila kadi ya droo W ina pia tarehe ukurasa ulipoonwa, na jina la aliyeuona, kwa sababu rafu za huko zinatembea. Kanuni yangu ya msomaji wa mwisho niliibandua ukutani mwenyewe.

Wiki iliyofuata Clémence akaniletea mémoire yake, jalada la kijani. Chuo kinataka nakala moja. Yeye akaweka mbili mezani.

"Moja ni ya hapa," akasema. "Ingine muiweke mbali na hii nyumba. Mbali kabisa."

Ningeweza kumwambia vita inaisha, lakini sikuwa na hakika, na maktaba haiandiki isichokuwa na hakika nacho. Nikatoa kadi mbili safi. Ya kwanza inasema rafu ya biolojia. Ya pili inasema: kwa Virginie, komini ya Tshopo, chini ya kitanda.