Kigogo cha Mahameli

Baba ni fundi makochi, na akitoa amri huwa ana misumari mdomoni, kwa hiyo amri zake ni fupi. Asubuhi ile aliitema yote mkononi ili nisikie vizuri.

"Huyu paka anaondoka leo. Tazama mgongo wa kochi la watu!"

Nikatazama. Mahameli mpya ilikuwa imechanwa kwa kucha toka juu hadi chini.

"Haendi popote," nikasema.

"Nimesema anaondoka."

"Na mimi nimesema haondoki, baba."

Kwetu baba hajibiwi mara mbili. Nilikuwa nimechoka kuwa binti mwema. Kabla ya Bosi, maana ndivyo tulivyomwita paka huyo, panya walikuwa wakizaa ndani ya sponji zetu. Aliwamaliza. Mimi ndiye niliyemfundisha kujisaidia kwenye sanduku la mchanga, nikaliweka mbali na sahani yake, kwa sababu paka hakubali choo kando ya chakula. Nilichota uchafu kila asubuhi. Akifanya vizuri, kipande cha samaki. Akikosea, sikumpiga, maana paka akipigwa hujifunza kukuogopa tu. Baba alikuwa akinicheka. "Paka hafundishiki," alisema. "Ni kama kumfundisha mwanamke nyundo." Alisema hivyo nami nimeshika nyundo, namalizia kochi ambalo yeye angepokea sifa zake.

"Wewe ndiye uliyemfundisha kuchana," nikamwambia.

Nilimsogezea baba kile kigogo alichomtengenezea Bosi cha kunolea kucha. Baba hajui kutengeneza kitu kibaya. Alikivika sponji, akakifunika kwa mabaki ya mahameli, akakipiga misumari ya shaba pembeni kana kwamba ni kiti cha mfalme.

"Ukimpa mahameli akwaruze, atajuaje ipi yake na ipi ya mteja? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Alikitazama kigogo. Angekiri? Thubutu!

"Nitalivisha kochi upya. Akiligusa tena siku mteja anapolichukua?"

"Tunaondoka wote wawili. Utashona vitambaa mwenyewe."

Hapo alirudisha misumari mdomoni, kwa kuwa mshono wake huyumba kama mlevi, naye anajua.

Nikakivua kigogo mapambo yote, nikakizungushia kamba ya katani, ngumu, iliyokazwa. Nikakisimamisha karibu na anapolala, kwa sababu paka akiamka hujinyoosha na kukwaruza hapo hapo. Nilikokota uzi juu ya kamba mpaka akaurukia. Akikwaruza kamba, samaki. Akisogelea kochi, nilimbeba bila kelele nikamrudisha. Baba alipita akiguna. Nami niliguna vilevile.

Siku mteja alipokuja, mama mmoja mwenye miwani, kochi lilikuwa katikati ya karakana, limevikwa upya. Bosi akaamka. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kochi, akalinusa. Nguo zangu nilikuwa nimeshazifunga furushi, sikuwa natania. Akageuka, akarudi kwenye kamba yake, akakwaruza kwa raha zote.

"Bahati tu," baba akanong'ona.

"Si bahati. Nimemfundisha."

Mteja alikuwa akipitisha kidole kwenye mshono. "Fundi, hii kazi safi sana. Nani kashona?"

"Binti yangu," baba akasema, akikohoa kidogo. "Hakufundishwa na mtu. Kazaliwa nayo tu."

"Nimejifunza," nikasema. "Nimejifunza kwa kumwangalia yeye, huku akinifukuza niende jikoni. Nilijichoma vidole kwa sindano, nikafumua, nikashona tena. Sikuzaliwa nayo."

Baba aliangalia misumari mkononi mwake kama anayeihesabu. Yule mama akavua miwani, akampita, akaja kusimama mbele yangu.

"Nina viti vya mezani nyumbani," akasema. "Naweza kuvileta lini?"

Baba akafungua mdomo.

"Jumatatu," nikajibu mimi.