Ndiga na Pilipili Kichaa

Msinilaumu kabla hamjaijua njaa ile. Mwaka sabini na nne watu wa serikali walitutoa kwetu, bondeni upande wa Rutamba, wakatupanga kwa mistari katika kijiji kipya. Mihogo tuliiacha shambani, ikaliwa na nguruwe pori. Kijiji kizima kisima kimoja, foleni tangu alfajiri. Ujamaa oyee, na matumbo matupu!

Mume wangu Likwata akachimba ndiga, kiazi cha porini chenye sumu. Kwetu kila mwanamke anajua: unakimenya, unakikata vipande, unakiloweka siku tatu kwenye kijito, kisha unaonja kwa ncha ya ulimi. Kikiwasha, unakirudisha majini. Lakini kijito kilibaki huko tulikofukuzwa. Nililoweka kwenye ndoo, nikabadilisha maji mara mbili tu, maana mengine sikuwa nayo.

Na siku hizo nilikuwa natafuna pilipili kichaa kutwa, kwa chumvi kidogo, kisha nashushia maji. Tumbo linapata moto, unajidanganya umekula. Bibi zetu walifanya hivyo katika njaa ya vita vya Mjerumani, nami nikawafuata.

Siku ya tatu nikaonja. Hakikuwasha. Nikachemsha, nikampakulia kwanza mwanangu Mboni, wa miaka mitano, kwa kuwa yeye ndiye aliyelegea zaidi. Mimi nikamsubiri baba yake arudi kutoka kisimani tule pamoja.

Mboni akatema. "Mama, kinachoma."

"Kinachoma nini? Chako sijatia pilipili. Acha kudeka, kula."

Alikula huku analia, maana nilimshika kidevu. Kabla ya magharibi alianza kutapika, macho yakamgeuka. Likwata akarudi, akambeba mgongoni, nami nyuma yao, mwendo wa saa tatu. Tulipofika zahanati alikuwa ameshakata roho.

Tabibu, kijana mpole, aliposikia kwamba nilikionja kile kiazi na hakikuwasha, akaniuliza nimekuwa nikila nini. Nikamwambia. Akasema pilipili ikitafunwa kutwa hutia ulimi ganzi, hauhisi tena kitu kingine kinachowasha. Nilitamani kumpiga kofi, na kosa lake sikulijua.

Njiani kurudi Likwata akaniambia, "Usijitese, mke wangu. Ulionja. Hakuna aliyejua."

Yeye alikuwa kwenye foleni ya maji. Mboni alijua, na aliniambia.