Zamu ya Mwisho ya Ukoo wa Kerradun

"Mama Linah," jirani yangu Njoki aliniuliza siku moja tukianika nguo, "mtu wa kanisa anarusha kete za nini na vijana?"

Nilimwambia hata mitume walipiga kura kumpata wa kujaza pengo la Yuda. Akasema mitume hawakuwa na bunduki za plastiki. Tulicheka, akanisaidia kukamua blanketi, lakini nilijua swali lake lingewafikia akina mama wa ushirika kabla nguo hazijakauka. Basi heri nieleze mwenyewe.

Mume wangu, marehemu Obura, alikuwa fundi kiwandani hapa Nakuru mpaka kiwanda kikafungwa. Baada ya hapo alikaa tu. Asubuhi anavaa, anakaa kitini, anaangalia ukuta mpaka chakula kiive. Nilimwomba Mungu ampe kazi. Mungu akampa Jerry, mpangaji wa chumba chetu cha nyuma. Kila Jumamosi Jerry alikuwa akilaza mlango mkuukuu juu ya makreti, anatengeneza juu yake milima ya unga mweupe wa machimbo ya Kariandusi na mabwawa ya gundi, halafu wenzake wanakuja kupiganisha majeshi ya sanamu ndogo, urefu wa kidole. Ni vita vya nyota za mbali, vya miaka ambayo haijafika. Obura alienda kulalamikia kelele. Alirudi jioni akiniuliza kama nina vipande vya waya.

Kila mchezaji ana watu wake. Obura alichagua Ukoo wa Kerradun, ambao wengine walikuwa wamewakataa kwa sababu hushindwa sana. Hadithi yao ni kwamba wazee wao walitoka hapa duniani, visiwa vya baridi na ukungu kule Ulaya, wakapanda meli ya angani kwenda kutafuta mashamba. Meli ikaanguka. Waliambiwa nyingine inakuja kuwachukua, na haikuja. Wajukuu wamebaki huko na zumari zao za mfuko, mashuka yao ya mirabaraba, na nyimbo ambazo maneno yake hawayaelewi tena, na bado wanailinda ile meli mbovu kama nyumba ya mama yao. Obura alinisimulia haya akipaka rangi, miwani imeshuka puani. Akasema, hawa ni sisi. Baba yake aliletwa kutoka kwao Nyakach kufanya kazi ya reli, akaambiwa ni ya muda mfupi. Kaburi lake liko hapa Nakuru.

Mungu alipomchukua Obura, jeshi lake likabaki kwa kartoni. Sasa kikundi kina kanuni, na Obura mwenyewe ndiye aliyeileta: ukoo usio na kiongozi unapewa mchezo mmoja tu. Zamu ya mwisho ikiisha na hata mtu wao mmoja bado amesimama kando ya meli, wanabaki kwenye ramani iliyo ukutani kwa Jerry. La sivyo wanafutwa, na sanamu zinakwanguliwa rangi ili apewe mwingine. Alisema sanamu hazikuumbwa zilale kwa kartoni. Sikutaka kuvunja neno la marehemu. Lakini rangi ile aliipaka na mkono uliokuwa umeanza kutetemeka, na sikutaka kuona kisu kikipita juu yake. Nikamwambia Jerry nitacheza mimi.

Kitabu cha sheria ni cha Kiingereza, kwa hivyo Jerry alinisomea huku nikichambua mboga za sukuma. Mengine nilikuwa nimeyaona mwenyewe, miaka yote niliyowapelekea chai.

Nilipangiwa Quincy. Huyu anauza spea za malori kule Salgaa, na jeshi lake la watu wa chuma amelitengeneza kwa bolti na misumari. Ana mdomo pia. Aliponiona na kitambaa changu cha kanisa akauliza kama nimekuja kupigana ama kukusanya sadaka. Nikamjibu ni yote mawili, na sadaka inatangulia. Vijana wakamcheka.

Nilikuwa nimejipanga kumshinda Obura kwa akili. Yeye mtu wake akijeruhiwa, hutuma wengine kumvuta, na anayevuta hawezi kupiga risasi. Ndiyo maana alishindwa kila mara. Mimi nilisema nitakaa na watu wangu kando ya meli, sitoki. Kisha sanamu yangu moja, kijana mpiga ngoma, akaangushwa huko mbali, kwenye bwawa.

Quincy aliniona nikimwangalia. "Mathe, huyo mwache. Ukimfuata umeisha."

"Hawa waliachwa," nikamwambia. "Sasa wao wataachana aje?"

Nikatuma wawili. Mmoja akapigwa, nikatuma wengine wamvute naye. Jerry alishika kichwa, akasema ni kama mzee amerudi mezani. Watu wangu walipungua hivyo hivyo, wakivutana, mpaka zamu ya mwisho akabaki mpiga zumari peke yake, amesimama kando ya meli na shuka lake la mirabaraba iliyoenda upande.

Quincy alibakisha risasi moja, ya mzinga mkubwa. Kete ikionyesha chochote isipokuwa moja, basi ukoo umefutwa. Jerry alimkumbusha atupe, maana muda wa zamu ukiisha risasi isiyopigwa imepotea. Quincy akaitikisa kete akicheka.

"Mathe, omba sasa."

"Nimeshaomba," nikasema. "Nilitaka tu kukushukuru. Kiwanda kilipofungwa, mzee wangu aliacha hata kunyoa. Mlipompa nafasi hapa, Jumamosi akawa ananyoa akiimba. Mlimtania kama rika lenu, mkamshinda bila kumwonea huruma, akawa anarudi kwangu na hadithi. Mlinirudishia mume, Quincy. Tupa kete, mwanangu. Hata wakifutwa, asante."

Mkono wake ulisimama. Aliinama akamwangalia yule mpiga zumari kwa karibu, ile mistari iliyopinda, rangi iliyomwagika kidogo kwenye kiatu. Jerry alikuwa akiangalia saa. Muda ukaisha.

Quincy akatia kete mfukoni mwa shati. Akawarudisha watu wake wa chuma kwa sanduku, taratibu, akalifunga. Akanipa mikono yote miwili, kama mtu anavyomsalimu mama yake, akachukua kofia, akatoka.